Kabla Ndege Hawajaamka

Wale tulio pamoja katika Chama cha Kiswahili mnanijua kwa jambo moja. Kila insha yangu huanza na jogoo. "Jogoo la kwanza lilipowika nilirauka..." Na mwalimu wetu kila mara huizungushia sentensi hiyo wino mwekundu na kuandika pembeni, "Huyu jogoo hachoki?" Basi leo sina jogoo. Asubuhi ninayotaka kuwasimulia niliamshwa na kikohozi cha babu, saa kumi na dakika ishirini, na majogoo wote wa kijiji chetu walikuwa bado wamelala fofofo.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya likizo ya Novemba. Babu yangu ana shamba la mpunga kule Mwea, sehemu ya Tebere, shamba aliloachiwa na baba yake. Sisi twakaa huku juu, karibu na Kutus, ambako mama ana kibanda cha mboga. Babu alikuwa ameshikwa na malaria, ile ya kutetemeka hadi kitanda kinalia, na mama akamleta kwetu ili amtunze. Alikuja na matatu. Baiskeli yake nayo ilikuja juu ya matatu, maana alikataa katakata kuiacha. Makanga alipodai nauli ya baiskeli babu alimwuliza, "Kwani imekalia kiti gani?" Mgonjwa huyo!

Msiotoka Mwea huenda mkauliza: mgonjwa ameletwa, shamba si liko pale pale, litakimbilia wapi? Hebu niwaeleze. Mpunga ukishatoa masuke na punje zikaanza kujaa maziwa, huja ndege waitwao kweleakwelea. Ni videge vidogo vyenye mdomo mwekundu, na ukimwona mmoja peke yake utamhurumia. Lakini hawaji mmoja mmoja. Huja kama moshi, kama wingu lenye akili, wakipinda huku na kule kwa pamoja, na wakishatua katika jaruba unasikia sauti kama ya mvua nyepesi juu ya majani. Hiyo si mvua. Ni karo yako inaliwa. Hula sana nyakati mbili, jua linapochomoza na jioni kabla hawajaenda kulala. Kwa hiyo sharti mtu awe shambani kabla ya macheo, kila siku ya Mungu mpaka mavuno, apige debe, apige mayowe, avurumishe madonge ya tope kwa kombeo. Kazi hiyo Kiswahili huiita kuamia. (Neno hili nililikuta kwenye kamusi nikafurahi kama niliyeokota shilingi. Nyumbani sisi husema tu "kulinda ndege", utadhani tunawalinda wao.)

Babu alikuwa amemwachia kijana mmoja kazi hiyo kwa malipo ya siku. Usiku huo, saa tatu na nusu, simu ya mama ililia. Kijana amepata kazi ya mjengo Thika, ameondoka jioni hiyo hiyo, tena ameondoka na ufunguo wa nyumba ya babu mfukoni. Mama alikaa kimya kitambo. Kisha akanitazama. Mpunga ule ndio karo yangu ya muhula wa kwanza, ndio karo ya dada yangu, ndio deni la mbolea. Pikipiki ya kunipeleka usiku na kunirudisha ingekula pesa ambazo hazikuwapo.

"Nitaenda na baiskeli," nikasema, kwa sauti nzito kuliko ile niliyo nayo kwa kawaida.

Baiskeli yenyewe ni ile aina ya zamani ambayo watu wetu huiita Black Mamba: nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, breki zake ni vyuma virefu wala si waya, na keria yake yaweza kubeba gunia la mpunga au bibi arusi. Babu aliinunua kabla sijazaliwa, kabla hata mama hajaolewa. Siku hizo, asema babu, mkulima wa Mwea hakuwa na ruhusa ya kuuza mpunga wake apendako. Wote ulitakiwa upelekwe kwa wasimamizi wa mradi, isipokuwa magunia machache ya kula, na mpaka wakulima walipoasi mwaka wa 1998 na kuanza kujiuzia wenyewe, aliyekutwa njiani na gunia alikuwa na la kujibu. Baiskeli hii basi ilizoea kutembea usiku, tena bila taa.

"Hiyo inajua giza," aliniambia alfajiri ile. Alikuwa amejitanda blanketi, anapiga pampu huku jasho la homa linamtiririka. "Wewe ikalie tu."

Nilijaribu kumpokea pampu. Akanikata jicho, nikaiacha.

Mama alinifungia viazi vitamu viwili kwa gazeti na chupa ya chai. Nikavikaza kwenye keria kwa mpira wa tyubu, na saa kumi na dakika arobaini nilikuwa barabarani. Mbele yangu kulikuwa na kilomita kama 13. Jua Mwea mwezi wa Novemba huchomoza saa kumi na mbili na dakika chache, na ndege huamka kabla yake. Nilipiga hesabu nikaona muda ninao, tena wa kubaki. Hesabu sikuzifanyia kazi nyingi kama nifanyavyo Kiswahili, na hilo litaonekana.

Wenzangu, maneno "giza totoro" nimeyaandika mara nyingi bila kuyajua. Giza totoro ni pale unapoinua mkono wako na kuutafuta. Hapakuwa na mwezi. Baiskeli ya babu ina taa ya dainamo, ile inayosuguana na tairi, na taa hiyo ina tabia yake: ukienda kasi inawaka, ukienda polepole inafifia, ukisimama inakufa. Maana yake ni kwamba mtu mwoga, anayetaka kwenda polepole kwa sababu haoni, ndiye anayeongezewa giza. Ilinibidi nikimbize baiskeli ili nione ninakokwenda, na nikishaona ninakokwenda natamani kupunguza mwendo.

Barabara ya Kutus kwenda Kimbimbi inateremka. Mchana ukiwa ndani ya matatu hata hutambui, lakini juu ya baiskeli mwili wote unakwambia. Upepo ulinitoa machozi. Vidole viliganda kwenye usukani hadi nikawa napiga kengele bila sababu, ili nijue kama bado vipo. Kila nilipoingia bondeni kwenye kijito baridi ilinipiga kifuani kama maji, nikipanda upande wa pili naingia katika hewa yenye moshi wa kuni, kuna mtu ameamka ndani ya nyumba fulani nisiyoiona, anapika. Hilo lilinipa moyo ajabu. Sikumwona, hakuniona, lakini tulikuwa wawili. Kisha mbwa wakanitoka. Niliinua miguu yote miwili juu ya usukani, mteremko ukanisaidia, nikawaacha wakibweka na taa yangu ikiwaka kama mchana. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Jamani, kuna raha ya kucheka gizani ambako hakuna wa kukuuliza unacheka nini.

Karibu na Kimbimbi nusura nione ahera. Kwanza nilisikia mlio, kwi, kwi, kwi, kama kitanda cha babu. Kisha macho mawili ya kijani yakawaka mbele yangu, juu kidogo, yananitazama tu. Wee! Nilikaba breki zote mbili. Breki za vyuma zikishika umande huwa kama zinakuomba radhi. Baiskeli ilitambaa, tairi la nyuma likaenda kushoto, mimi nikaenda kulia, na tukasimama sote wawili pembezoni mwa barabara, nikihema. Macho yalinipita polepole. Kumbe ni punda. Alikuwa anavuta mkokoteni wa nyasi usio na taa wala chochote cha kung'aa, na mwenyewe amelala chali juu ya mzigo, mdomo wazi. Punda ndiye aliyekuwa dereva, na hakujali hata kidogo kwamba alikuwa amenipunguzia miaka.

Kwenye barabara kuu ya Embu nilishuka nikangoja. Pale magari hayana mzaha. Probox iliyobeba muguka ilipita vuu, upepo wake ukanitikisa na baiskeli yangu, halafu matatu za kwanza za Nairobi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda chenye taa na harufu ya mandazi yanayotoka kwenye mafuta. Sikuwa na hata ndururu, kwa hiyo nilinusa tu. Saa ilikuwa kumi na moja na robo. Nikajipongeza. Moyoni nilishaanza kutunga jinsi nitakavyowasimulia, na katika masimulizi hayo punda alikuwa kiboko.

Ukiiacha lami pale unaingia ulimwengu mwingine. Nchi inakuwa bapa kama sinia, mifereji imenyooka, na barabara ya udongo inafuata mfereji hadi macho yanapochoka. Vyura walikuwa wanaimba, si mia, si elfu. Unapopita wananyamaza na wakikuona umekwenda wanaanza tena nyuma yako, hivyo popote uendapo unatembea na kipande chako cha kimya. Na harufu! Pishori ikiwa shambani, hasa alfajiri kabla ya upepo, inanukia kama jikoni siku ya sikukuu. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa nikiendesha baiskeli katikati ya wali ambao haujaiva.

Mifereji hii ina mambo. Baba yake babu alikuwa mmoja wa mahabusu walioletwa uwanda huu wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka wa 1954, wakachimba kwa majembe na sururu chini ya bunduki. Baadaye akapewa ekari nne za kulima katika ardhi ile ile aliyoichimba akiwa mfungwa. Niliwahi kumwuliza babu kama baba yake alifurahi au alikasirika. Akajibu kwamba mtu hawezi kuukasirikia mfereji, kwa sababu mfereji hauna pa kwenda.

Basi nilipofika penye geti la maji, pale mfereji wetu mdogo unapotengana na ule mkubwa, moyo ulinidunda, na safari hii si kwa ajili ya giza.

Hili sijamwambia mtu shuleni. Agosti, wakati wa kupanda, kila mkulima anataka maji siku moja. Bwawa la Thiba lilikamilika mwaka wa 2022 na wengi katika uwanda wakapumua, lakini shamba letu liko mwisho wa mfereji, na aliye mwisho hunywa akibakiziwa. Siku hiyo zamu ya maji ilikuwa ya jirani yetu, mama mmoja mzee, mjane, ambaye shamba lake na letu vinatenganishwa na tuta moja tu. Usiku babu aliniamsha. Tulikwenda mpaka penye mlango wa maji wake, babu akauziba kwa gunia la udongo, akafungua wetu. Mimi ndimi niliyeshika tochi. Asubuhi majaruba yetu yalikuwa yamejaa hadi midomoni, na yake yalikuwa tope tupu, miche aliyoipanda juzi imelala chini kama nywele zilizolowa. Yule mama akaja akasimama juu ya tuta. Akatazama maji yetu. Kisha akanitazama mimi, hakumtazama babu.

"Wewe unasoma?" akaniuliza.

"Ndiyo, shosho."

"Vizuri," akasema, akaenda zake.

Afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo yeye na babu hawakusalimiana.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri wakati baiskeli ilipoanza kuwa nzito. Nilidhani ni pancha. Nikabonyeza tairi, li zima. Nikapanda tena, nikaenda hatua kumi, magurudumu yakagoma kabisa na taa ikafa. Mvua ilikuwa imenyesha jioni upande huu, na kwetu juu haikudondoka hata tone. Udongo mweusi wa Mwea ukikauka ni jiwe, ukinyeshewa ni gundi. Unashika tairi, unapanda nalo, unajaa katikati ya tairi na madigadi mpaka hakuna kinachozunguka. Nilitafuta kijiti gizani, nikachokoa. Nikasukuma hatua ishirini, ukajaa tena. Nikachokoa. Ndara moja ikabaki ndani ya tope na sikuipata, nayo nyingine nikaivua kwa hasira nikaitupa, jambo ambalo hadi leo mama hajalielewa. Mwishowe niliibeba baiskeli begani. Baiskeli ambayo nilikuja ili inibebe mimi.

Huko mashariki, upande wa Mbeere, mbingu ilianza kupauka. Saa sikuitazama tena. Nilikuwa nalia, si kilio cha sauti, ni yale machozi ya hasira yanayokuja yenyewe. Bado kulikuwa na mfereji mmoja wa kuvuka, na daraja lake ni ubao. Babu huuvuka akiwa juu ya baiskeli, nimemwona kwa macho yangu, mzee wa miaka zaidi ya sabini. Mimi nilikuwa naenda kwa miguu, begani nina chuma, nyayo zina tope. Hatua ya tatu ubao haukuwapo.

Maji yalinifika kiunoni. Baiskeli ilitangulia, chupa ya chai ikasema chwa, na viazi vikaelea kidogo kisha vikaenda zao kwa heshima. Nilipofuta macho nikajikuta nimegeukia nilikotoka. Na hapo nikauona mlima. Njia nzima ulikuwa mgongoni mwangu. Mlima Kenya, mita 5,199, hauna wingu hata moja, theluji kidogo iliyobaki kule juu imeshika wekundu wa jua ambalo mimi huku chini sijaliona bado. Ndani ya maji ya mfereji, mbele ya magoti yangu, ulikuwapo mwingine kichwa chini. Nilisimama nikautazama. Sijui kwa muda gani. Najua tu kwamba kwa kitambo hicho sikukumbuka karo wala tochi.

Ndipo nikasikia kama kitambaa kikubwa kinapasuliwa angani. Wingu la kweleakwelea lilipita juu ya kichwa changu, chini chini, likielekea shambani kwetu. Walikuwa wameamka.

Niliivuta baiskeli ya babu hadi ukingoni, nikailaza hapo, nikakimbia. Nilikimbia juu ya matuta miguu mitupu kama sijawahi kukimbia katika michezo yoyote ya shule. Nilijua nitakachokikuta. Nilishawahi kuona jaruba lililovamiwa: masuke yamesimama wima, mepesi, hayana kitu, kama watu waliotoka hospitali.

Kabla sijafika nilisikia debe. Kisha sauti ya mwanamke, kavu, kali, inawaita ndege majina ambayo mwalimu hataniruhusu niyaandike. Yule mama alikuwa juu ya dungu lake, kanga kiunoni, anazungusha kombeo. Donge la tope liliruka, likapita juu ya tuta, likaangukia katikati ya shamba letu. Wingu likainuka pwaa, likapinda, likajaribu upande wetu wa mbali. Akashuka kwenye dungu, akakimbia juu ya tuta, mzee yule, akipiga debe, mpaka wakaondoka kabisa.

Nilisimama. Sikujua niseme nini.

"Umechelewa," akasema, bila kunitazama.

"Nilianguka, shosho."

"Naona." Akanipima kutoka kichwani hadi miguuni. "Baiskeli ya mzee iko wapi?"

"Nimeiacha kwenye mfereji."

"Umeiacha!" Alishtuka kuliko alivyoshtushwa na ndege. "Rudi uilete kabla haijapata mwenyewe mwingine. Kimbia."

"Na ndege?"

"Ndege nimeanza kuwaona kabla yako."

Nilirudi, ilikuwapo, nikaileta. Jua lilikuwa limeshatoka na ukungu umelala juu ya mpunga kama maziwa, yangeyange wameanza kutembea majarubani kama wakaguzi. Nikachukua debe la babu nikapanda dungu letu. Tuliamia pamoja mpaka kama saa tatu na nusu, yeye upande wake, mimi wangu, bila maneno. Ndege walipotulia nilijikaza, nikaenda hadi kwenye tuta.

"Shosho, ile siku ya maji..."

"Ulishika tochi," akanikatiza. "Niliiona kutoka nyumbani. Tochi haifichiki huku, ni uwanda." Akachota tope, akalifinyanga donge. "Nawe usidhani nimekufanyia hisani. Ndege hawajui tuta. Wakimaliza kwenu watakuja kwangu."

Hiyo ndiyo sababu aliyonipa, na ni ya kweli, sina la kuongeza. Lakini baadaye nilizunguka shamba letu lote. Upande wa mbali kabisa, usiopakana naye kwa lolote, babu hufunga utepe wa kaseti kuukuu kutoka kijiti hadi kijiti ili uvume kwenye upepo na kuwatisha ndege. Kijana wa mjengo alikuwa ameshatuambia kwenye simu kwamba utepe umekatika. Niliukuta umefungwa tena. Fundo halikuwa la babu. Babu hufunga fundo moja kubwa. Haya yalikuwa madogo, mengi, ya mtu mwenye subira.

Jioni ndege walipokwenda kulala nilirudi. Kupanda kwenda Kutus ukiwa na njaa ni hadithi nyingine ambayo siitaki. Babu alikuwa ameketi nje, homa imeshuka. Aliitazama baiskeli kwanza, akagusa mnyororo, akanusa kidole.

"Imeogelea?"

Nikamweleza yote. Nilipofika kwa yule mama na kombeo lake, aliacha kunitazama. Nilipofika kwenye utepe wa kaseti aliokota kijiti akaanza kuchokoa tope kwenye madigadi, polepole, ingawa lilikuwa limekauka na lingetoka kwa kugongwa tu. Hakusema neno. Nilingoja nikachoka, nikaenda kulala.

Saa kumi na dakika ishirini kikohozi kikaniamsha. Nilimkuta babu nje na pampu yake. Cheni ilikuwa imetiwa mafuta, na kwenye keria palikuwa pamefungwa chupa mbili. Moja ilikuwa ya plastiki, ya soda, imevishwa soksi ili chai isipoe. Nyingine ilikuwa ile ya mama yenye maua, ya wageni, ambayo sisi watoto haturuhusiwi hata kuifuta vumbi.

"Ya plastiki ndiyo yako," babu akasema. "Na kwenye ule ubao, shuka."